Nati Zinazojifungua: Historia Fupi ya Sproketi ya Nyuma

Sproketi ya nyuma ikilegea kwenye pikipiki ya zamani, lawama hutafutiwa mtu haraka: fundi aliyeifunga mara ya mwisho, kiwanda kilichoitengeneza, au dereva asiyeikagua. Wakati mwingine wote watatu wana hatia kweli. Hata hivyo, lawama hizo hazielezi kwa nini tatizo limezikuta pikipiki za Waingereza, za Wajapani, za Wahindi na za Wachina, kwenye lami na kwenye makorongo, kwa muda wa zaidi ya miaka 100. Ninavyoona, ulegevu huo ni deni lililokopwa siku watengenezaji walipoacha mkanda wakachukua cheni, na kila njia ya kuifunga sproketi iliyobuniwa tangu hapo ni namna ya kulilipa kidogo kidogo bila kulimaliza.

Pikipiki nyingi za mwanzo za Ulaya zilivutwa kwa mkanda wenye umbo la V, wa ngozi na baadaye wa raba na kitambaa, uliotoka kwenye injini moja kwa moja hadi kwenye rimu ya gurudumu la nyuma. Kero zake zilijulikana. Mvua ikinyesha uliteleza, ukirefuka ulikatwa na kuungwa upya, na mlima ukiwa mkali dereva alishuka akasukuma. Lakini kuteleza huko kulikuwa na faida ambayo haikuonekana mpaka ilipokosekana. Injini ya mipigo minne yenye silinda moja huwasha mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hayo ni mapigo 25 kwa sekunde, na kati ya pigo na pigo nguvu hupungua. Mkanda uliyameza mapigo hayo. Cheni haimezi kitu. Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, alipata hataza ya cheni ya roli na bushi mwaka 1880, na baiskeli ikanufaika nayo mapema, kwa sababu miguu ya binadamu haipigi kama injini. Kwenye pikipiki, viwanda vya Phelon & Moore na Scott vilikuwa miongoni mwa vilivyothubutu mapema. Kisha mwaka 1911, mashindano ya TT ya Isle of Man yalipohamishiwa kwenye njia ya mlimani, pikipiki za Indian kutoka Marekani, zenye cheni na gia mbili, zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu katika daraja la juu. Ubishi ukaelemea upande mmoja. Hata hivyo Triumph Model H ya mwaka 1915, iliyobeba matarishi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilitumia cheni kutoka kwenye injini hadi kwenye giaboksi, lakini kutoka hapo kwenda nyuma ikabaki na mkanda. Wengi huliona hilo kuwa ushamba wa kiwanda kilichogoma kubadilika. Mimi naliona kuwa tahadhari ya watu waliojua gurudumu la nyuma litapokea nini.

Mshtuko uliokuwa ukimezwa na mkanda ulipaswa kupelekwa mahali. Royal Enfield, miaka michache kabla ya vita hiyo, iliweka vipande vya raba ndani ya habu ya nyuma ili sproketi ivute raba kwanza, na raba ivute gurudumu. Wengine waliweka springi nzito kwenye shafti ya injini. Triumph baadaye ikaficha raba katikati ya klachi, na kwa kuwa mshtuko ulishapunguzwa huko mbele, baadhi ya pikipiki zake zilikuwa na ngoma ya breki na meno ya sproketi kama kipande kimoja cha chuma. Hapo hapakuwa na nati ya kulegea. Lakini meno yalipoisha, mwenye pikipiki alilazimika kutupa ngoma nzima, na bei ya kipande kile ilimfanya aikumbuke nati kwa wema. Kwa hiyo sproketi inayofunguka ilishinda kwa sababu ya mfuko wa mnunuzi: ni kitu kinacholiwa, na kitu kinacholiwa lazima kitoke.

Kwa nini basi nati zenyewe zifunguke? Jibu la mitaani ni mtetemo, nalo liko karibu na ukweli bila kuufikia. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachofungua nati kuliko vyote ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kuteleza upande kwa upande, hata kidogo sana. Kila mteleze hukata msuguano uliokuwa ukiishikilia nati, nayo hujizungusha yenyewe. Sasa iangalie sproketi ya nyuma. Kwa kawaida ina meno karibu mara tatu ya sproketi ndogo ya mbele, kwa hiyo nguvu ya kuzungusha inayotoka giaboksi hufika kwenye bolti zake ikiwa imeongezeka kiasi hichohicho. Dereva akivuta mafuta inasukumwa mbele. Akiachia, injini inafunga na kuisukuma nyuma. Baiskeli haina shida hiyo, kwa kuwa frihuili yake hukazwa na kila kanyago la pedeli na haivutwi kinyume. Baiskeli ya gia moja isiyo na frihuili, ambayo miguu huweza kuirudisha nyuma, ilibidi ipewe pete ya kufungia yenye uzi wa kushoto. Mafundi walioanza kazi na baiskeli za abiria pale Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, hawakuwa wameonja adha hii. Ilikuja na injini.

Nayo ilikuja kwa wingi baada ya mwaka 2000. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ikatunga kanuni za leseni za bodaboda mwaka 2010. Nyingi ya pikipiki za Kichina zilizoingia zilirithi umbo la Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ambayo Honda iliibuni ikiwafikiria wateja wa nchi zinazoendelea, wanaobeba mizigo mizito na kuchelewa kubadilisha oili. Kwenye muundo huo sproketi hushikwa na bolti nne zinazoingia kwenye bushi za raba ndani ya habu, na pete kubwa ya chuma huizuia isitoke. Ni muundo wa akili, ila una mtego. Bushi zikichakaa, sproketi hucheza hata kama nati zimekazwa kwa nguvu zote. Fundi anayekamata spana na kukaza tu hugusa sehemu isiyougua. Dawa ni kuvua gurudumu, kutazama kama matundu ya sproketi yamekuwa mviringo wa yai, kupima bushi na beringi, kubadilisha washa za kukunja badala ya kuzinyoosha na kuzitumia tena, kisha kukaza kwa mpango wa msalaba. Tundu lililopanuka halirudi. Gundi ya nati, ambayo Vernon Krieble aliibuni huko Connecticut mwaka 1953, husaidia pale tu vipande vinapokaa sawasawa.

Kuna watakaosema ninawatetea madereva. Mishikaki, yaani abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, pamoja na gunia la mkaa, vingeua sproketi ya chuma chochote. Ni kweli mzigo huharakisha, kwa kuwa mzigo mkubwa unamaanisha mivutano mikubwa zaidi ya kwenda na kurudi. Lakini unaharakisha kitu ambacho tayari kipo. Mtu mmoja mwepesi akiendesha kwa kuvuta na kuachia mafuta mjini atafika palepale, amechelewa tu. Wengine hutoa hoja yenye nguvu zaidi, kwamba achomelee mtu sproketi kwenye habu, yaishe. Gereji nyingi zimefanya hivyo, na kwa wiki kadhaa mteja hufurahi. Mshtuko hauondoki, hata hivyo. Huhamia kwenye cheni, kwenye beringi za gurudumu na kwenye meno ya gia, na siku sproketi ikiisha habu nayo huenda. Ni kosa lilelile la ngoma ya kipande kimoja, safari hii bila raba za klachi kuliziba.

Zipo pia hoja za kuikimbia cheni kabisa. BMW ilifanya hivyo mwaka 1923 kwa R32 yake ya shafti, na hata hapo ilibidi kuweka kiungo laini katikati ya giaboksi na shafti, kwa sababu injini zinapiga popote zilipo. Gharama na uzito wa shafti viliizuia isifike kwenye pikipiki za kazi. Leo Nairobi na Kigali pikipiki za umeme zinaongezeka, na zile zenye mota ndani ya gurudumu hazina sproketi wala cheni. Mota ya umeme haipigi kama pistoni, hilo ni faraja ya kweli. Lakini ikimsaidia dereva kufunga breki kwa kurudisha umeme kwenye betri, nguvu yake inageuka nyuma, na kinachopokea mgeuko huo ni ekseli iliyobanwa kwenye uma kwa nati mbili. Fundi anayepokea pikipiki ya namna hiyo atafanya vizuri kuanza kukagua hapo.