Kutoka Jela Ukiwa Safi, Halafu?

Kuna msee wa mtaa wetu alitoka jela akiwa safi. Miezi mitatu bila unga. Mamake akapika pilau, tukala, tukacheka. Wiki ya pili tukamzika. Sasa mimi nikabaki najiuliza: kama alikuwa amepona, ni nini kilimuua?

Nikaanza kuchimba historia. (Chuo niliacha, kusoma sikuacha.)

Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilifungua mahali huko Lexington, Kentucky: nusu jela, nusu hospitali, na shamba lenye ng'ombe. Wafungwa walioshikwa na mofini na heroini walipelekwa huko, pamoja na watu waliojipeleka wenyewe. Mpango ulikuwa huu: maliza arosto, kula vizuri, fanya kazi, ongea na daktari, nenda nyumbani. Wengi wa waliojipeleka hata hawakumaliza.

Utafiti uliotoka 1962 uliwafuatilia zaidi ya watu 1,900 waliorudi New York kutoka huko. Zaidi ya 9 kati ya 10 walirudia. Na si ajabu. Walirudi mtaa uleule, maskani ileile, na daktari wamemwacha Kentucky.

Marie Nyswander alikuwa daktari aliyewahi kufanya kazi Lexington. Mwaka 1964, akiwa New York na mwenzake Vincent Dole, alianza kuwapa watu methadoni kila siku, bila haraka ya kuwaachisha. Yaani ni ugonjwa wa kudumu, kama sukari. Kenya tulianza kutoa methadoni 2014, pale Mathari. Miaka 50 baadaye!

Lakini jibu la swali langu nililipata kwa utafiti wa 2007 kutoka jimbo la Washington. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela, hatari ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya watu wengine, na dawa za kulevya ndizo zilizoongoza kwa kuua. Ukikaa bila unga, mwili unasahau. Ile dozi ya zamani sasa ni sumu.

Kwa hivyo wasee, sisemi matibabu ya jela hayafai. Nasema yasiishie getini. Siku mtu anatoka, kliniki iwe imeshajua jina lake kabla muuzaji hajamwona.

Sisi tulimngoja na pilau. Hakuna aliyetuambia tumngoje na kitu kingine.