Nyoka katika sarafu za Wagiriki na Warumi wa kale

Kwa takriban miaka 800, tangu miji ya Wagiriki ya karne ya 5 KK hadi enzi ya Kaisari Konstantino, nyoka alipigwa chapa kwenye fedha na shaba za nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Yumo akitoka kapuni, akijizungusha kwenye fimbo, akilishwa na msichana, akikabwa na mtoto mchanga, akichomwa kwa mti wa bendera. Msomaji wa leo humwendea akiwa na tafsiri mbili tayari. Aliyezoea nembo ya Shirika la Afya Duniani huona tiba; aliyelelewa na vitabu vya dini huona ibilisi. Tafsiri zote mbili zina ukweli wake, ila zinawahi kufika. Hoja ya makala hii ni kwamba nyoka wa sarafu, katika mifano iliyo mizito zaidi, alikuwa kwanza mwenyeji: mlinzi wa mahali panapojulikana kwa jina. Mji au mtawala aliyemweka kwenye fedha yake alikuwa akitangaza kwamba mahali hapo ni pake, au kwamba mwenye mahali amemkubali.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kistoforo, sarafu ya fedha iliyoanza kutolewa na wafalme wa Pergamon, magharibi mwa Uturuki ya leo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 2 KK. Upande wa mbele kuna kapu la siri za ibada ya Dionysos, mungu wa mvinyo, mfuniko wake umeinuliwa nusu, na nyoka anachungulia na kuteremka. Pembeni linazungukwa na shada la majani. Upande wa nyuma nyoka wawili wamesimama kwa mikia, miili imejipinda huku na huku ya podo lenye upinde. Hakuna sura ya mfalme wala jina lake. Sarafu hii ilikuwa na uzito wa gramu 12.6 hivi, ilhali tetradrakma iliyokubalika kwingineko ilikuwa na gramu 17 hivi, lakini ndani ya ufalme ilipokelewa kana kwamba zinalingana. Nje ya mipaka thamani hiyo haikuwa na wa kuiheshimu, kwa hiyo fedha ilibaki nyumbani. Ephesos, Tralles, Apameia na miji mingine iliitengeneza kwa chapa hiyohiyo, kila mmoja ukiongeza alama yake ndogo. Ni vigumu kupata sarafu iliyofungamana zaidi na ardhi yake, na waliochaguliwa kuisimamia ni nyoka.

Mtu anaweza kupinga kwamba chapa ikishazoeleka haisemi kitu tena. Watu huitambua fedha na kuipokea, basi. Kwa matumizi ya sokoni hilo ni kweli. Mwanasiasa wa Roma Cicero, aliyekuwa na sesterti milioni 2.2 za kistoforo huko Asia, hakuwa akiwaza habari za Dionysos. Lakini tazama waliyofanya watawala wapya. Ufalme ulipoachwa kwa Warumi kwa wosia mwaka 133 KK, nyoka hawakuondolewa. Mwaka 39 KK Marcus Antonius aliweka sura ya mkewe Octavia juu ya kapu lilelile, nyoka wakiwa pande zote mbili. Miaka 11 baadaye Octavian, ambaye punde angeitwa Augusto, akiwa amemshinda Antonius huyo, alitoa kistoforo chenye mungu wa kike wa Amani, na nyuma yake kapu dogo na nyoka wake. Maadui wawili wasiopatana kwa lolote walikubaliana juu ya nyoka, kwa sababu kila mmoja alitaka kuonekana mrithi halali wa nchi ileile. Chapa iliyokufa maana haigombewi hivyo.

Italia nako mambo yalikuwa hivyohivyo. Karibu na mwaka 60 KK, L. Roscius Fabatus alitoa denari ambayo ukingo wake umechanjwa meno kama ya msumeno. Mbele kuna mungu wa kike Juno Sospita aliyevaa ngozi ya mbuzi kichwani. Nyuma, msichana anamlisha nyoka aliyejiinua mbele yake. Hao si wahusika wa kubuni. Lanuvium, mji wa ukoo wa Roscius kusini mashariki mwa Roma, ulikuwa na pango la nyoka ambako mabikira walipeleka chakula. Nyoka akila, mwaka ungekuwa wa mavuno. Ofisa kijana alikuwa akiwaambia wapiga kura wa Roma anakotoka. Nyoka wa Asklepios, mungu wa tiba, naye ana anwani. Warumi walisimulia kwamba baada ya tauni walimchukua kwa meli kutoka Epidauros mwaka 291 KK, naye akachagua mwenyewe kushukia kisiwa cha mto Tiber, ambako hekalu lilijengwa. Medali ya shaba ya Antoninus Pius, mtu ambaye kwa bahati nzuri kwa hoja yetu alizaliwa Lanuvium, inamwonyesha nyoka akitoka melini huku Mto Tiber, kwa umbo la mzee, ukimnyoshea mkono. Anapokewa kama mgeni anayehamia.

Pingamizi kubwa ni la nyoka wanaouawa. Kwenye fedha za Elis tai wa Zeus anamrarua nyoka. Kroton inaonyesha Apollo akimlenga Python kwa mshale. Thebes inamwonyesha Herakles mchanga akiwakaba nyoka wawili. Je, hawa nao ni walinzi? Python ni mlinzi kabisa: ndiye aliyekuwa na Delphi kabla ya Apollo, na mungu hakuweza kupamiliki bila kumuondoa. Sarafu ya Kroton imeweka kigoda cha utabiri cha Delphi katikati ya mshale na nyoka, ndicho kinachogombewa. Tai wa Elis na nyoka wa Herakles hawaingii katika hoja hii, na hakuna haja ya kuwasukuma. Hata hivyo, miji iliyoungana pwani ya Asia karibu na mwaka 400 KK, ilipotoa fedha za pamoja zenye Herakles na nyoka, kila mmoja uliweka upande wa pili alama ya kwao: Ephesos nyuki, Rodos waridi. Nyoka asiye na kwao hakuweza kusimama badala ya mji.

Wapo pia nyoka waliochakaa. Salus, mungu wa kike wa afya, akimlisha nyoka kwa bakuli, amerudiwa katika sarafu za makaisari hadi akawa salamu ya kawaida ya kumtakia mtawala uzima. Hizi ndizo sarafu zinazochosha kuliko zote katika somo hili. Lakini Caracalla alipozuru Pergamon mwaka 214 BK, mji ulimwonyesha akiwa na mavazi ya kijeshi, mkono juu, akimsalimu nyoka aliyejizungusha kwenye mti. Mtawala wa dunia anapiga saluti kwa mwenyeji.

Mji mdogo wa Abonoteichos, kwenye Bahari Nyeusi, haukuwa na nyoka wa kale, ukajipatia. Mwandishi Lucian anadai kwamba tapeli aitwaye Alexander alinunua nyoka mkubwa mpole, akamvisha kichwa cha kitambaa chenye sura ya mtu na kumwita Glykon, mungu mpya. Lucian alimchukia Alexander waziwazi, na maneno yake yangeweza kupuuzwa, lau sarafu za mji huo zisingekuwa na nyoka mwenye kichwa cha mtu na jina Glykon limeandikwa kando. Alianza kuonekana humo chini ya Antoninus Pius. Muda si mrefu mji ukabadili jina, ukawa Ionopolis, na jina hilo likaandikwa kwenye sarafu pamoja na la nyoka. Mji huo ndio İnebolu ya sasa.

Mwaka 327 hivi, Konstantino alitoa sarafu ndogo ya shaba katika mji wake mpya, Konstantinopoli: bendera yenye alama ya Kristo juu, na ncha ya chini ya mti wake imemchoma nyoka. Maandishi yanasema Tumaini la Umma. Wengi humtambua humo Licinius, mpinzani aliyeshindwa mwaka 324, ambaye Konstantino alimwita nyoka katika barua. Hapa ibilisi ameingia kweli kwenye fedha, na mwenyeji wa zamani ametolewa. Kaisari huyohuyo, hata hivyo, aliagiza nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana, iliyowekwa wakfu Delphi baada ya vita vya Plataea vya mwaka 479 KK, iletwe Konstantinopoli na kusimamishwa katika uwanja wa mbio za farasi. Ipo Istanbul hadi leo, vichwa vimevunjika. Sehemu ya kimoja imehifadhiwa katika makumbusho ya akiolojia ya mji huo.