Nairobi na Bunduki ya Serikali

Utamaduni wa taifa hauishii katika ngoma, mavazi na vyakula. Namna watu wanavyosemezana na watawala wao, wanavyolalamika, wanavyokubali na wanavyokataa, hayo nayo ni utamaduni, tena ni sehemu yake iliyo nzito. Katika insha hii tunakusudia kuitazama sehemu hiyo kwa kuufuata mji mmoja, Nairobi, ambao katika muda wa miaka 32 tu, tangu 1922 hadi 1954, ulishuhudia mara tatu serikali ya kikoloni ikiwakabili wakazi wake kwa silaha.

Hatusemi kwamba serikali haina haja ya askari. Nchi isiyo na mlinzi ni kama nyumba isiyo na mlango. Tunalouliza ni maswali mawili: askari anapoingia mjini kuwakabili raia, ni nani aliyempa ruhusa, na ruhusa hiyo inakoma lini? Maswali haya yanaonekana madogo, lakini tutaona kwamba damu nyingi imemwagika kwa sababu hayakupata majibu.

Tuanze na mwaka 1922. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha, na Waafrika waliotumika humo kama askari na wapagazi walirudi makwao wakakuta mzigo mpya. Kila mwanamume alitakiwa kuchukua kipande, hati yenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi zake, na asiyekuwa nacho alikamatwa. Kodi ilikuwa imepandishwa hadi shilingi 16 kwa mwaka, na papo hapo walowezi wakaazimia kuipunguza mishahara ya wafanyakazi wao kwa thuluthi moja. Mkono uliotozwa zaidi ndio uliotakiwa kupokea kidogo.

Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Idara ya Hazina, Harry Thuku, aliyasema mambo haya hadharani. Mwaka 1921 alishiriki kuunda Young Kikuyu Association, na baada ya muda mfupi akatambua kuwa kipande hakikubagua kabila. Basi ikaundwa East African Association, chama kilichowakusanya wakazi wa Nairobi wa makabila mbalimbali, na kilichosaidiwa na baadhi ya Wahindi wa mji huo. Silaha zake zilikuwa mikutano, maandishi na simu za malalamiko zilizopelekwa mpaka London.

Tarehe 14 Machi 1922 Thuku alikamatwa. Wafanyakazi wakaacha kazi, na tarehe 16 maelfu ya watu wakakusanyika mbele ya kituo cha polisi alikofungwa. Walichagua wajumbe wakaenda kuonana na Sir Charles Bowring, Katibu wa Koloni. Wajumbe walirejea bila ya Thuku, wakawasihi watu watawanyike. Wengi walianza kuondoka. Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawakabili wanaume kwa maneno makali: kama wao wanaogopa, basi wavae nguo yake, naye apewe suruali zao. Kwa mila ya Wakikuyu, mwanamke mtu mzima anapoinua nguo yake mbele ya wanaume, ametoa laana na aibu isiyo na kifani. Wanawake wenziwe wakapiga vigelegele, umati ukasonga mbele, na polisi wakafyatua risasi. Walioshuhudia walisimulia kwamba walowezi waliokuwa katika baraza ya Norfolk Hotel nao walipiga bunduki. Muthoni alikuwa miongoni mwa waliokufa. Serikali ilikiri vifo vya watu 21, na simulizi za Waafrika zilitaja idadi kubwa zaidi.

Thuku mwenyewe hakufikishwa mahakamani. Sheria ya wakati ule ilimruhusu Gavana kumhamisha mtu kwa amri tu, naye akapelekwa Kismayu, akakaa mbali na kwao kwa miaka minane hivi. Hata hivyo, mwaka huohuo kodi ilishushwa hadi shilingi 12. Yafaa tulitafakari jambo hili. Malalamiko yaliyoitwa uchochezi siku ya Machi yalionekana kuwa na haki kabla ya mwaka kwisha. Kama yangalisikilizwa mapema, watu wale 21 wangalirudi majumbani mwao jioni ile.

Mara ya pili ni mwaka 1950. Mwezi Machi Nairobi ilipewa hati ya mfalme wa Uingereza, ikawa jiji. Palikuwa na gwaride, bendera na wageni wa heshima. Wafanyakazi Waafrika, ambao wengi wao walilala watu wengi katika chumba kimoja, waliitwa washangilie, nao wakakataa. East African Trade Union Congress, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoundwa Mei 1949, Fred Kubai akiwa rais na Makhan Singh katibu mkuu, liliwataka wanachama wake wasishiriki katika sherehe zile. Mwezi uliofuata, katika mkutano uliofanyika kwenye ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki.

Tarehe 15 Mei viongozi hao wawili walikamatwa. Siku ya pili yake mgomo mkubwa ukaanza. Wafanyakazi walidai viongozi wao wafunguliwe, kima cha chini cha mshahara kiwe shilingi 100 kwa mwezi, na askari waache kuwakamata watu usiku. Jibu la serikali lilikuwa magari ya deraya barabarani, mabomu ya kutoa machozi katika mitaa ya Waafrika, na ndege za kijeshi zikipita juu ya paa za nyumba. Msomaji na apime mwenyewe: upande mmoja watu walioweka mikono mifukoni wakakataa kufanya kazi, upande wa pili vyombo vya vita. Mgomo uliendelea kwa zaidi ya wiki moja, ukaenea hadi miji mingine. Makhan Singh alizuiliwa katika sehemu za mbali za kaskazini bila ya kuhukumiwa kwa kosa lolote, akaachiliwa Oktoba 1961, baada ya miaka 11 na zaidi. Dau la mnyonge haliendi joshi, walisema wahenga. Lakini mwaka wa tatu baada ya kuachiliwa kwake haukutimia kabla nchi haijapata ule uhuru alioudai Kaloleni.

Mara ya tatu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alikuwa ametia sahihi amri ya Hali ya Hatari ili kuikabili Mau Mau, na jioni ileile askari wa Uingereza wakaanza kuteremka kwa ndege mjini Nairobi. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, kwa amri ya Jenerali George Erskine, askari na polisi wapatao 25,000 waliuzunguka mji wote. Mitaa ilifungwa mmoja baada ya mwingine, watu wakatolewa majumbani na kazini. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wengine. Walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, na ishara moja ya kichwa ilitosha kumtia mtu katika lori. Maelfu kwa maelfu walipelekwa Langata kuchujwa, kisha Manyani na Mackinnon Road.

Wako watakaosema kwamba serikali haikuwa na njia nyingine, kwa kuwa mjini palikuwa na watu waliopeleka silaha, dawa na fedha msituni, na palikuwa na raia waliouawa. Hoja hii haifai kupuuzwa. Ni kweli Mau Mau ilikuwa na mtandao Nairobi, na ni kweli operesheni ile iliukata mtandao huo kwa kiasi kikubwa. Lakini wajibu wa kumtafuta mwenye kosa hautoi ruhusa ya kumkamata mtu kwa kabila lake. Fundi, dobi, karani na mwuza mboga waliulizwa kwanza wamezaliwa na nani, wala si wamefanya nini. Serikali ikifika hapo, imekwisha kuacha kulinda mji, inauteka.

Je, watu walipingaje katika hali kama ile, hali mikutano imepigwa marufuku? Walipinga kwa njia zilizobaki. Mwanasheria Argwings-Kodhek alisimama mahakamani kuwatetea walioshitakiwa, wakati kufanya hivyo kulimtia machoni pa serikali. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, akiwamo Tom Mboya, walilalamikia kukamatwa kwa wanachama wao wasio na hatia. Walio kizuizini waliandika barua kwa siri kuwapelekea wakubwa na wabunge wa Uingereza, kama J. M. Kariuki alivyoeleza katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1963. Mwaka 1954 huohuo, kamati ya serikali yenyewe iliyochunguza mishahara ilikubali kwamba mfanyakazi wa mjini alistahili ujira wa kumtosha yeye na jamaa yake. Hilo ndilo jambo ambalo wagomaji wa 1950 walipigiwa mabomu ya machozi kwa kulisema.

Tumefika sasa mahali pa swali letu la pili: ruhusa inakoma lini? Hali ya Hatari ilikwisha Januari 1960. Lakini mwaka huohuo ilitungwa sheria ya kulinda usalama wa umma, iliyoyahifadhi mengi ya mamlaka yale. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 sheria hiyo haikuzikwa pamoja na bendera ya mkoloni. Mwaka 1966 makali yake yaliongezwa, na kwa miaka mingi raia wa nchi huru waliwekwa kizuizini bila ya hukumu, kama Thuku na Makhan Singh kabla yao. Julai 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walizuiliwa kwa sababu ya kuitisha mkutano wa Kamukunji wa kudai vyama vingi, na tarehe 7 ya mwezi huo, siku ya Saba Saba, polisi wakawapiga waliokuja. Uwezo wa kumzuilia mtu hivyo uliondolewa katika sheria mwaka 1997. Panga lililoazimwa kwa siku moja lilikaa katika nyumba ya mwazimaji karibu miaka arobaini.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuyajibu maswali yote mawili. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, maadamu ni kwa amani na bila ya silaha. Kifungu cha 241 kinasema kwamba majeshi yakitakiwa kurudisha amani ndani ya nchi, sharti Bunge la Taifa liidhinishe. Masharti haya yalipimwa tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoandamana kuupinga Muswada wa Fedha, watu wakauawa, na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi. Bunge liliidhinisha siku ya pili yake, suala likafikishwa mbele ya Mahakama Kuu, na Rais akakataa kuutia sahihi muswada ule. Wenye kusoma historia hawakushindwa kuona sura ya mwaka 1922: kodi, vijana, barabara zilezile. Tofauti iliyokuwapo ni kwamba safari hii swali la nani ametoa ruhusa liliulizwa waziwazi, bungeni na mahakamani, wakati wa Thuku halikuwa na mahali pa kuulizwa.

Kwa walimu tunapendekeza wanafunzi wapelekwe, iwezekanapo, katika barabara inayoitwa leo kwa jina la Harry Thuku, karibu na mahali Muthoni alipoanguka, na katika ukumbi wa Kaloleni. Wasomewe vifungu hivyo viwili vya Katiba, kisha waulizwe kila kimoja kingaliokoa nani, na kama kingalitosha. Maana karatasi haijisimamii. Wale wa 1922 hawakuwa na kifungu hata kimoja mkononi, nao walikwenda, wakachagua wajumbe, wakasubiri jibu. Sisi tuliorithi vifungu tuna deni la kuvijua, na la kuuliza, kila askari anapoonekana barabarani kuwakabili raia, ametumwa na nani na atarudi lini kambini.