Shabu Iliyobomoa Majabali

Ndugu msomaji, shabu bila shaka unaijua. Ni lile jiwe jeupe mithili ya barafu ambalo kinyozi hulisugua kidevuni wembe unapokata, na ambalo mabibi zetu walilizungusha ndani ya maji ya mtungi ili matope yatuame. Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na shabu ya Yemen ilisifika tangu kale. Je, umepata kusikia kwamba kwa ajili ya jiwe hili Ulaya iliingia katika ugomvi wa dini, na majabali ya Uingereza yakabomolewa?

Sababu ilikuwa nguo. Rangi haishiki vyema kwenye sufu pasipo shabu, na shabu bora Wazungu waliipata Asia Ndogo. Mwaka 1453 Sultani Muhammad al-Fatih aliuteka mji wa Konstantinopo, na muda si mrefu machimbo yale nayo yakawa mikononi mwa dola ya Uthmaniya. Mwanzoni mwa miaka ya 1460, Giovanni da Castro, aliyewahi kufanya biashara ya nguo na rangi huko Konstantinopo, akaigundua shabu Tolfa, karibu na Roma. Papa Pius II alifurahi mno. Mapato yake yakatengwa kwa vita vya msalaba, na Wakristo wakakatazwa kununua shabu ya Waturuki, wakitishwa kutengwa na kanisa. Tazama basi: kununua dawa ya kushikiza rangi kukawa dhambi ya kutubia!

Waingereza walifarakana na Papa katika miaka ya 1530, wala hawakupenda kumtegemea. Mwanzoni mwa karne ya 17 wakaanza kutengeneza shabu yao wenyewe Yorkshire, na Mfalme James I akapiga marufuku shabu ya kigeni. Wapo wasimuliao kwamba mafundi waliibwa kwa Papa ndani ya mapipa. Hadithi tamu, ila usiitegemee.

Ukitaka kuyaona yaliyofuata, anzia kijiji cha Ravenscar, juu ya majabali yapatayo mita 180. Njia ya miguu inateremka kando ya bahari, kisha inazunguka na kukurudisha ulikotoka. Mteremkoni utakuta magofu ya kiwanda cha Peak, kilichofanya kazi tangu yapata mwaka 1650 hata 1862. Mwamba ulichongwa kwa sururu, ukarundikwa juu ya kuni, ukaungua polepole kwa miezi tisa hivi. Kisha ulirowekwa mabwawani, na maji yake yakachemshwa kwa makaa ya mawe yaliyoletwa na jahazi. Mwisho yalitiwa majivu ya mwani, au mkojo uliochacha. Naam, mkojo! Ulikusanywa majumbani na kuletwa kwa mapipa, hata kutoka London. Aliyejitapa kwa joho lake jekundu asingependa kuambiwa.

Tani moja ya shabu ilihitaji tani 50 za mwamba, pengine zaidi. Ndiyo maana kilima kina pengo kubwa kama kilichomegwa. Na waliokimega ni vibarua. Katika miaka ya mwanzo, viwanda vya pwani hii vilipokuwa vya mfalme, wengi walikaa bila ujira, nguo zimewachakaa na njaa imewakaba. Dola ilijikomboa kwa Papa. Mchimbaji hakujikomboa kwa mtu.

Mwaka 1845 Peter Spence alipata hati ya njia rahisi zaidi ya kutengeneza shabu, na kiwanda cha mwisho cha pwani hiyo kikafungwa 1871. Leo majabalini wanataga ndege wafananao na shakwe, ambao adui akiwasogelea humtemea mafuta yanayonuka. Chini maweni wamelala sili wa kijivu, na wakati wa baridi huzaa papo hapo.

Njia ya kurudi inafuata tuta la reli iliyofunguliwa 1885 na kufungwa 1965. Katika miaka ya 1890 kampuni moja ilitaka kujenga hapa mji wa matembezi. Barabara zikapimwa, na ndani ya chimbo la kale la shabu likawekwa tanuri la matofali. Wanunuzi hawakutosha, kampuni ikafilisika. Mawe ya kingo za barabara zake bado yamo nyasini.