Kaskazini ya Mwisho wa Reli

Ukimwuliza mkazi wa Dar es Salaam au wa Morogoro Kigoma iko wapi, jibu huwa ni moja: mwisho wa reli. Maneno hayo yamegeuka utani, na watu wa Kigoma wenyewe wameyazoea, hata wengine hujivunia. Ni kweli Reli ya Kati ilifika ziwani mwaka 1914 na haikuwa na pa kwenda zaidi. Lakini juma hili naomba tusiishie stesheni. Tushuke hadi Kibirizi, tupande boti ya abiria pamoja na magunia ya muhogo, madumu ya mawese na kuku waliofungwa miguu, tuelekee kaskazini.

Ukishaiacha ghuba ya Kigoma, mkono wako wa kulia ni milima mitupu. Milima hiyo ni ukingo wa Bonde la Ufa, na inateremka kwa kasi hadi majini, halafu inaendelea kuteremka humo humo ndani, maana Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozidi. Duniani ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolizidi. Vijiji vimejibana kwenye vipande vya mchanga pale vijito vinapomwaga maji. Utapita Kalalangabo na Mtanga, utapita msitu wa Gombe, kisha Mwamgongo, Bugamba, Zashe, na mwisho kabisa Kagunga, ambako Tanzania inakwisha na Burundi inaanza. Mtu wa Kagunga akitaka mji wa karibu, Nyanza-Lac ya Burundi ni jirani kuliko Kigoma. Kiha chake na Kirundi cha huko vinaelewana bila mkalimani. Mpaka uliwekwa na wakubwa waliokaa mbali sana na mahali pale.

Sisi wa mijini tuna tabia ya kudhani kwamba mtu anayekaa mbali na barabara yuko mbali pia na historia. Hebu tuitazame historia yenyewe.

Mwezi Februari 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji wakiwa hoi kwa homa. Speke alikuwa karibu haoni na Burton alikuwa hawezi kutembea. Shida yao kubwa ilikuwa kujua chanzo cha mto Nile, na hapo Ujiji walisikia habari za mto uitwao Rusizi, huko kaskazini mwa ziwa. Swali lao likawa moja: je, mto huo unaingia ziwani au unatoka? Ukitoka, basi huenda ndio Nile yenyewe. Kule Ujiji, mji wa biashara wenye Waarabu na watu wa kila kabila, waliambiwa kwamba mto unatoka.

Mwezi Aprili wakaondoka kwa mitumbwi, wakipigiwa makasia na vijana wa Ujiji chini ya mkuu wao Kannena. Walipofika Uvira, ng'ambo ya magharibi karibu na ncha ya ziwa, wakaja watoto watatu wa mtawala wa huko. Hao walikuwa wameuona mto kwa macho yao, kwa sababu ulikuwa jirani yao. Wakasema bila kusita: Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wapiga makasia hawakukubali kusonga mbele zaidi kwa kuwaogopa watu wa ncha ile, na msafara ukarudi.

Nawaomba mlione jambo lenyewe lilivyo. Watu wa mjini walikosea, na watu wa kaskazini, wale wa pembezoni, ndio waliosema kweli. Jibu lilikuwa limepatikana Aprili 1858. Lakini kwa kuwa hakuna Mzungu aliyesimama kwenye mdomo wa mto ule, mabwana wa jiografia wa London waliendelea kubishana mwaka hadi mwaka. Hata Burton mwenyewe, ambaye alipopewa habari ile aliiamini na kuhuzunika, mwaka 1864 alikuwa akiandika tena kwamba ziwa hili huenda ndilo linalomwaga maji yake kwenye Nile!

Ikabidi wangoje Novemba 1871. Wote tunaijua hadithi ya Livingstone na Stanley kukutana Ujiji, na mnara wake upo, watoto wa shule wanapelekwa kuutazama. Kinachosimuliwa kwa nadra ni walichokifanya siku chache baadaye. Waliazima mtumbwi wa Mwarabu mmoja wa Ujiji, Said bin Majid, wakachukua wapiga makasia na waongozaji Wajiji, wakafuata ufuko ule ule tunaoufuata sisi leo, wakilala kambi kwa kambi chini ya milima ile. Huko kaskazini walikaribishwa na mtawala aitwaye Ruhinga, ambaye aliwaeleza habari za mito ya nchi yake. Kisha wakaenda wakaona: maji ya Rusizi yanaingia ziwani. Ilikuwa imepita miaka 13 tangu vijana wa Uvira waseme. Majina ya vijana wale hayakuingia kwenye vitabu vyetu vya darasani, na ya wapiga makasia ndiyo kabisa.

Basi tuwaangalie hao wapiga makasia wenyewe, maana kazi yao ndiyo inayotufikia mezani. Dagaa wa Kigoma wana bei yao Kariakoo, na akina mama wa sokoni hawahitaji mtu wa kuwaeleza tofauti kati yao na wale wa Mwanza. Hivi ni vidagaa vya aina mbili hasa, na havipatikani kwa mtego wa mchana. Mchana vimezama chini, usiku hupanda kufuata vijidudu wanavyokula, na wakiona mwanga hukusanyika. Kwa hiyo tangu zamani uvuvi wa huku ni wa giza na moto. Wazee walivua kwa lusenga, wavu wa duara wenye mpini mrefu, na mbele ya mtumbwi ukiwaka moto wa kuni. Zikaja karabai. Miaka ya 1950 ukaja uvuvi wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukiteremshwa katikati, nao watu wa huko huuita kipe. Siku hizi taa nyingi ni za betri na umeme wa jua. Ukisimama ufukoni usiku wa giza utadhani kuna mji mwingine mzima umejengwa katikati ya maji.

Kalenda ya vijiji hivi inaandikwa na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, dagaa hawakusanyiki, basi wanaume hubaki nchi kavu wakishona nyavu na kumaliza mambo ya harusi na madeni. Mwezi ukififia, boti zote ziko majini. Alfajiri kazi inahamia kwa wanawake, wanaoanika dagaa juu ya mchanga au kwenye vichanja, wakitazama mbingu. Mvua moja tu ya saa mbaya inageuza pato la usiku mzima kuwa chakula cha kuku.

Na ziwa lenyewe lina mambo yake. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji baridi ya chini hupanda na kuleta rutuba ambayo ndiyo chakula cha vijidudu vya dagaa. Chini sana hakuna hewa, hakuna samaki. Rutuba yote iliyozama huko haina faida mpaka maji yachanganyike. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba joto la dunia limelifanya tabaka la juu kuwa jepesi zaidi, maji hayachanganyiki kama zamani, na uzalishaji wa ziwa umeshuka. Wavuvi walikuwa wakilalamika kwamba nyavu zinakuja nyepesi. Wenye maofisi walisema ni uvuvi haramu. Uvuvi haramu upo, sikatai, lakini mvuvi hana uwezo wa kuamuru upepo.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Hoja yake inaeleweka. Ila ieleweke pia kwamba mtu wa Zashe si kama mtu wa bondeni, wa kuambiwa alime kwa muda. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali, amepanda muhogo na michikichi, na ukikata miti huko juu udongo wote unateremka ziwani na mvua ya kwanza. Kwa ajili ya hayo ulianzishwa mwaka 1994 mpango wa TACARE, wa upandaji miti na hifadhi ya ardhi vijijini, ukitokea pale Gombe.

Nimeitaja Gombe. Dunia nzima inaijua kwa ajili ya Jane Goodall, aliyetua kwenye ufuko ule Julai 1960 akiwa na mama yake, na ambaye alifariki Oktoba 2025. Eneo hilo lilikuwa pori la akiba tangu 1943, likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Wavuvi wa jirani walimjua mama mtu kabla ya kumjua binti, kwa sababu mama alikuwa akigawa dawa pale kambini. Sifa za Goodall ni za haki. Lakini mwezi Mei 1975 wapiganaji waliotoka ng'ambo ya Zaire walivamia kambi usiku wakawateka wanafunzi wanne, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Baadaye waliachiliwa, lakini wageni wakaondolewa Gombe. Nani alibaki na sokwe? Walibaki vijana wa vijiji hivi hivi, wengine hawakuwa na elimu zaidi ya shule ya msingi, wakipanda mabonde kila asubuhi na madaftari, wakiandika kwa Kiswahili sokwe fulani amekula nini na amepigana na nani. Ile vita maarufu ya makundi mawili ya sokwe, ya mwaka 1974 hadi 1978, iliyowashangaza wasomi wa Ulaya na Marekani, kwa sehemu kubwa ilishuhudiwa na macho ya Waha na Wabembe wa kandokando ya ziwa. Safari hii angalau walisadikiwa.

Tumalizie safari yetu Kagunga. Mwezi Mei 2015 machafuko ya Bujumbura yalisukuma watu kuvuka mpaka, na katika muda wa majuma machache makumi ya maelfu ya Warundi walijaa kwenye kile kipande cha mchanga. Kijiji kilikuwa hakina barabara. Nyuma kuna mlima, mbele kuna maji, vyoo vya wanakijiji, visima vya wanakijiji. Kipindupindu kikazuka, na zaidi ya watu 30 wakafa, wakiwamo wenyeji.

Aliyeitwa kuokoa alikuwa mzee Liemba. Meli ile Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande kwa reli, ikaelea Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen, kwa kazi ya vita. Mwaka uliofuata wenyewe waliizamisha isichukuliwe na adui, wakiwa wameipaka mashine zake grisi. Waingereza waliizua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Sasa ikiwa na umri wa miaka 100 majini, ilikuwa ikibeba watu mia sita hivi kwa safari moja, kutoka Kagunga hadi Kigoma, ambako walipokelewa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu.

Lakini Liemba haikuweza kuusogelea mchanga wa Kagunga; ilitia nanga mbali kidogo, kwenye kina. Wazee, wajawazito, watoto migongoni na magodoro vichwani, wote walifikishwa kwenye meli kwa boti ndogo za kijiji, zile zile za dagaa, zikienda na kurudi mchana kutwa, na waliozishika usukani walikuwa wavuvi.