Mtoto wa Shangazi

Mwaka jana niliitwa kwenye kikao cha ndoa hapa Dzaleka. Sikuitwa kama mzee. Niliitwa kwa sababu naandika haraka na daftari langu linajulikana. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani amesema nini na mahari imefika ngapi. Kwenye mahari hatukufika. Shangazi ya kijana alimuuliza binti jina la babu yake upande wa mama, kama wanavyouliza siku zote, na binti akalitaja. Shangazi akashika kichwa. Lilikuwa jina la baba yake mwenyewe.

"Wewe ni mtoto ya dada yangu," akasema. "Mama yako tulimulilia tangu vita ya kwanza."

Ndivyo tulivyojua. Baba ya kijana na mama ya binti walizaliwa tumbo moja huko Fizi, Kivu ya Kusini. Vita ya 1996 iliwatawanya. Dada alivuka ziwa akafika Nyarugusu, Tanzania, akaolewa na mwanaume wa Masisi, msemaji wa Kinyarwanda, akafia hukohuko. Kaka alibaki Kongo, naye akafa baadaye. Mtoto wake akaletwa Malawi na shangazi. Vijana walikutana hapa kwenye kwaya. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Shangazi alimkumbatia binti, akalia sana, halafu akajifuta uso akasema ndoa haipo.

Baba ya binti hakukubali. Kwao, alisema, kuna ndugu na kuna mubyara. Mtoto wa baba mdogo au wa mama mkubwa ni ndugu, haguswi. Mtoto wa shangazi au wa mjomba ni mubyara, na mababu waliwaozesha na nyumba hazikuanguka. Wazee wa Fizi wakaguna. Kwetu ukoo wa baba haugusi, na wa mama vilevile haugusi. Damu ya babu mmoja haichumbiani. Pasta akafungua Mwanzo 29. Yakobo alioa Lea na Raheli, na baba yao Labani alikuwa kaka wa Rebeka, mama yake Yakobo. Kwa hiyo baba wa Israeli alioa watoto wa mjomba, tena wawili. Mzee mmoja akamjibu kwa Walawi 18. Lakini Walawi 18, ukiisoma mstari kwa mstari, inamtaja shangazi mwenyewe, mtoto wake haimtaji. Inakataza pia kuoa mtu na dada yake wangali hai wote wawili, yaani Yakobo angeshikwa kwa kosa lingine kabisa. Watu wakacheka. Shangazi hakucheka.

Mama jirani, Mchewa wa hapahapa Dowa, alikuwa amekuja kutusaidia kupika nsima. Alipoelezwa kinachogombaniwa alishangaa: "Si ni msuwani wake?" Kwa Wachewa mtoto ni wa ukoo wa mama. Mtoto wa mjomba wako ana mama mwingine, kwa hiyo ana ukoo mwingine. Unaweza kumtania, na unaweza kumuoa. Wazee wengine walipenda ndoa ya namna hiyo kwa sababu ilirudisha watu karibu na shamba. Lakini mtoto wa mama mdogo ni dada yako, basi, hakuna mjadala. Mchewa wa Dowa na mzee wa Masisi hawajawahi kukaa pamoja, mmoja anahesabu kwa mama, mwingine kwa baba, na bado jibu lao ni moja.

Kiswahili chenyewe hakitusaidii hapo. Neno la vitabuni ni binamu, na limetoka katika Kiarabu: mtoto wa kiume wa ami, yaani wa kaka ya baba. Huyo ndiye hasa ambaye mama jirani na mzee wa Masisi wanamkataa. Na pwani, Lamu mpaka Unguja, huyohuyo ndiye aliyekuwa mchumba wa kwanza kufikiriwa katika familia nyingi. Kurani, sura ya 4, inataja maharimu mmoja mmoja: mama, binti, dada, shangazi, mama mdogo, watoto wa ndugu, mama mkwe, na hata mama aliyekunyonyesha na ndugu wa kunyonya naye. Watoto wa ami, wa shangazi na wa mjomba hawamo. Kwa hiyo jirani zetu Wasomali wanaweza kuoana binamu kwa amani, lakini mabinamu walionyonya ziwa moja hawaoani. Sisi wa Fizi hilo la maziwa hatukulijua kamwe.

Katika kikao kila mtu alisema "sheria inakataza" au "sheria inaruhusu", na mimi niliandika neno hilo labda mara thelathini bila kujua ni sheria gani. Nilipopata safari ya Lilongwe nikamwomba mwanasheria mmoja anionyeshe kitabu cha makosa ya jinai cha Malawi. Kifungu cha 157 ni kifupi kuliko nilivyotegemea. Mwanaume asilale na mwanamke anayejua kuwa ni mjukuu wake, binti yake, dada yake au mama yake. Wanne tu. Kukubaliana si utetezi. Adhabu iliyoandikwa ni kifungo cha miaka 5, na mtoto akiwa mdogo inapanda mpaka maisha.

Hao wanne hawakutoka Dowa, walitoka London. Mwaka 1908 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza ya kudumu ya kuadhibu jambo hili kama jinai. Kabla ya hapo liliachiwa mahakama za kanisa. Orodha yao ilikuwa hiyohiyo: mjukuu, binti, dada, mama. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni ikapeleka kitabu cha makosa cha mfano mmoja Nyasaland, Kenya, Uganda na Tanganyika, na familia ya Kiingereza ikasafiri ndani yake. Mtoto wa shangazi hayumo, na sababu yake ni ya zamani zaidi. Kanisa Katoliki lilikataza mabinamu, na tangu mtaguso wa 1215 lilikataza mpaka vizazi vinne. Mfalme Henry wa 8 alipokwisha kuachana na Roma alitoa sheria mwaka 1540 iliyofungua mlango huo. Yeye mwenyewe mwaka huohuo alimuoa Catherine Howard, binamu ya mke wake aliyemkata kichwa. Miaka 300 baadaye Malkia Victoria alimuoa Albert, mtoto wa mjomba wake. Bendera yake ndiyo iliyopandishwa hapa mwaka 1891.

Sisi tuliozaliwa Kongo tulirithi nyumba nyingine. Ufaransa, katika mapinduzi yake, iliandika kitabu kipya cha makosa mwaka 1791 na kosa la ndugu kulala na ndugu likaachwa nje. Lilionekana ni dhambi, si kazi ya polisi. Ubelgiji ikafuata, na ikaleta fikra hiyo Kongo. Mzazi akimharibu mtoto, hilo linaingia katika kubaka, na uzazi unaongeza adhabu. Mambo ya ndoa yako katika Code de la famille ya 1987, iliyorekebishwa 2016: mzazi na uzao wake hapana, kaka na dada hapana, hata wa baba mmoja au mama mmoja tu. Wengine wote code inawaachia mila. Kwa hiyo shangazi aliposema "sheria ya Kongo inakataza" alikuwa sahihi bila kufungua kitabu: kwa mtu wa Fizi sheria ya Kongo ni mila ya Fizi. Na mzee wa Masisi alikuwa sahihi vilevile. Nani aamue kati ya mila mbili za nyumba moja? Hapo nilikwama.

Niliendelea kusoma kwenye simu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 ina orodha ndefu, kutoka babu na bibi mpaka mpwa, hata mama wa mke uliyemwacha, binamu hayumo. Kenya ilifanya tofauti: Sheria ya Ndoa ya 2014, kifungu cha 10, inamweka binamu katika waliokatazwa, halafu mstari wa chini inasema katazo hilo halimhusu Mwislamu. Katika nchi moja watu wa mtaa mmoja wana ndugu tofauti kwa mujibu wa dini. Wengine wanaona ni fujo. Mimi naona angalau waliandika ukweli wa watu wao.

Lakini kuna jambo lililonikaa moyoni kuliko ndoa ya hao vijana. Rudi kwenye wale wanne wa 1908. Mjomba hayumo. Baba mdogo hayumo. Katika nyumba ya Kiingereza ya wakati ule pengine walidhani hatari iko kwa baba na kaka tu. Katika kambi yetu ni watoto wangapi waliobebwa mgongoni na baba mdogo kutoka Uvira, wakalelewa na mjomba, na hawajui baba mwingine? Mjomba kama huyo akimgeukia binti, kifungu cha 157 hakimwoni kama ndugu. Atashikwa na vifungu vya kubaka au vya kunajisi mtoto, kama kesi itafika polisi. Kenya mwaka 2006 ilipanua orodha yake, ikamwingiza mpwa na shangazi, ndugu wa nusu na wa kuasiliwa, kifungo kisipungue miaka 10, na mtoto akiwa chini ya miaka 18 kinaweza kuwa maisha. Tanzania mwaka 1998 iliacha wale wanne wa zamani lakini ikaweka kifungo kisichopungua miaka 20, na 30 kama msichana hajafika 18.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona wazee walewale wanaopiga kelele juu ya mtoto wa shangazi wakimaliza kesi ya namna hiyo kwa mbuzi. Wanaita kuosha nyumba. Binti aliyeharibiwa anaendelea kulala katika nyumba iliyooshwa. Kwa vijana wawili waliopendana bila kujua, tulikaa siku tatu.

Watu wa mashirika huniuliza kuhusu ugonjwa. Utafiti uliofanywa Bradford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba watoto wanaozaliwa na kilema ni kama asilimia 3 kwa wazazi wasio ndugu, na kama asilimia 6 kwa mabinamu. Ni mara mbili, si jambo la kudharau, lakini watoto wengi sana wanazaliwa wazima. Charles Darwin, aliyemuoa binamu yake Emma mwaka 1839, alikuwa na wasiwasi huo juu ya watoto wake mwenyewe. Aliomba sensa ya 1871 iulize swali la mabinamu, bunge likakataa.

Kule Marekani hofu hiyo iligeuka sheria. Kansas ilikataza ndoa ya mabinamu mwaka 1858, na leo karibu nusu ya majimbo yanaikataza. Texas ilijiunga nayo 2005, Tennessee 2024. Hapo ndipo habari inatufikia sisi. Iowa, Idaho na Kentucky, walikopelekwa watu wengi wa Dzaleka, mabinamu hawafungi ndoa. Colorado, Georgia na New York wanafunga. Ukiwa tayari umeoa nje, majimbo mengine yanatambua ndoa yako na mengine hayatambui, na mtu hajichagulii jimbo. Canada, kwa sheria ya 1990, inakataza wazazi na uzao wao na kaka na dada tu, basi. Mkataba wa wakimbizi wa 1951, kifungu cha 12, unasema haki zilizotokana na ndoa ya mkimbizi ziheshimiwe, lakini unaongeza sharti: iwe haki ambayo nchi ile ingeitambua hata kama mtu huyo asingekuwa mkimbizi.

Na kabla ya yote hayo kuna intavyu. Unaulizwa, huyu ni nani wako? Unajibu "ndugu", mkalimani anaandika kaka. Mwaka mwingine unasema "mtoto wa baba mdogo", na faili lina watu wawili badala ya mmoja. Wapo waliosimamishwa kwa neno hilo tu. Mkalimani naye hana pa kukimbilia: Kiingereza kinawaita wote jina moja, mubyara na ndugu, msuwani na dada. Ningemwomba kila anayeuliza aache neno, achore mti: mama yake nani, baba yake nani, bibi yao nani.

Niliporudi Lilongwe binti alinifuata nyumbani na daftari lake mwenyewe. Nilimsomea kifungu cha 157, nikamweleza code ya Kongo, nikamweleza majimbo. Aliandika Canada akaizungushia duara. Halafu akauliza kama kuna sheria inayosema aache kumwita shangazi "mama mkubwa", maana tangu siku ile shangazi anamletea unga kila Jumamosi, na hajawahi kuwa na mtu wa upande wa mama.

Kijana bado anaimba kwenye kwaya. Binti amehamia kwaya ya kanisa lingine, kwa sasa. Kikao kiliahirishwa mpaka mkubwa wa ukoo aliyebaki, mjomba wa binti aliye Nyarugusu, atoe neno. Tumemtumia ujumbe mara mbili kwa mtu anayesafiri. Nimeacha kurasa nne wazi kwenye daftari.