Maji ya Ngarambe: Imani na Silaha katika Vita vya Majimaji

Wako waandishi wanaosema kwamba dini ndiyo chimbuko la vita duniani, nao hawakosi mifano. Hutaja Vita vya Msalaba, vilivyoanza baada ya Papa Urban wa Pili kuwahutubia watu huko Clermont, Ufaransa, mwaka 1095. Hutaja pia Mahdi wa Sudan, ambaye majeshi yake yaliuteka mji wa Khartoum mwezi wa Januari 1885. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Vita vya Majimaji, vilivyopiganwa kusini mwa nchi yetu tangu 1905 hadi 1907, vyatutosha kulipima neno hilo. Na tukivitazama kwa makini twaona kuwa chimbuko lake lilikuwa kodi na pamba. Dini ilikuja baadaye, kufanya kazi ambayo kodi na pamba zisingeweza kuifanya.

Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1898. Miaka minne baadaye, katika utawala wa Gavana von Götzen, ikaongezwa amri ya kulima mashamba ya pamba ya pamoja, kila eneo na shamba lake, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe. Mtu aliitwa kwenye pamba ya serikali siku zilezile ambazo mpunga na mtama wake vilihitaji palizi, na aliyechelewa alipigwa kiboko. Malipo yalipokuja yalikuwa madogo hata wengine wakakataa kuyapokea. Hapo pana sababu ya vita iliyo kamili, wala haihitaji mungu yeyote.

Lakini sababu ya kupigana si uwezo wa kupigana. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na majirani zao hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja. Wamatumbi hasa waliishi kwa koo, kila ukoo na mzee wake, na koo nyingine zilikuwa na ugomvi wa siku nyingi. Nani angepiga ngoma moja ikasikika kwa wote?

Jawabu lilitoka Ngarambe mwaka 1904. Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aitwaye Hongo, aliyehesabiwa kuwa mtumishi wa Bokero, mzimu mkuu aliyeheshimiwa katika bonde lote la Rufiji. Wenyeji walisimulia kwamba alizama katika kilindi cha mto, na alipotoka siku ya pili nguo zake zilikuwa kavu. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe, wakitumaini kuwaona huko wazee wao waliokufa. Kinjikitile aliwafundisha kwamba wote ni wamoja, akawapa dawa ya maji yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, dawa ambayo ingegeuza risasi ya Mjerumani kuwa maji. Habari zilisafiri kwa kunong'onezana, na mazoezi ya vita yaliyoitwa likinda yalifanywa mbele ya macho ya watawala kana kwamba ni ngoma ya kawaida.

Tuzingatie jambo hili, maana ndilo kiini cha maelezo yetu. Dawa ya ukoo mmoja isingeaminiwa na ukoo wa pili. Bokero, kwa kuwa hakuwa wa ukoo wowote, aliweza kuwa wa wote. Imani ikafanya kazi ya kiapo, ya posta na ya bendera kwa wakati mmoja.

Kinjikitile mwenyewe aliwaambia watu wangoje, lakini wakachoka kungoja. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, pamba ya serikali ikang'olewa, na vita vikawa vimetangazwa. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjikitile. Inasimuliwa kwamba aliwaambia wamechelewa, dawa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Ilifika hata Ungoni, na aliyeipeleka huko alikuwa Omari Kinjala. Jina hilo latosha kutuonyesha kuwa mipaka ya dini haikuwa mikali kama tunavyodhani leo.

Tarehe 30 Agosti maelfu ya Wapogoro na Wambunga waliiendea ngome ya Mahenge mchana kweupe. Bunduki za rashasha ziliwafyeka safu kwa safu. Katika habari zote za vita hivi hatujui nyingine iliyo nzito kama hii, kwani siku ile wapiganaji waliona kwa macho kwamba risasi ni risasi. Hata hivyo vita havikuisha siku ile. Viliendelea kwa kuvizia porini, na hilo ladhihirisha kuwa walichopigania hakikuwa ndani ya kibuyu cha dawa.

Upande wa pili nao ulikuwa na dini yake. Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenzake karibu na Liwale mwezi wa Agosti 1905, na mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ilichomwa moto, kwa sababu wapiganaji hawakuona tofauti kati ya kanisa na boma. Askari wengi waliompigania Kaisari walikuwa Waafrika, wakiwamo Wasudani Waislamu. Serikali ya Kijerumani ilishinda vita hivyo kwa kuchoma mashamba na maghala, hata njaa ikaimaliza kazi ya bunduki. Wajerumani walikisia waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikia 250,000 hadi 300,000. Wazungu waliouawa walikuwa 15.

Je, Kinjikitile alikuwa mdanganyifu? Ebrahim Hussein aliligusa swali hili katika tamthilia yake *Kinjeketile*, iliyotolewa mwaka 1969. Mwaka mmoja kabla yake, walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuandika masimulizi ya wazee waliovikumbuka vita. Kwa maoni yetu, anayemwita mdanganyifu anayapima maji kwa risasi peke yake. Lakini anayemsifu bila kuwataja waliolala Mahenge naye amesoma nusu ya habari.

Mwezi wa Februari 1906, huko Songea, viongozi wengi wa Wangoni walinyongwa na kuzikwa katika kaburi moja, na Nduna Songea Mbano naye alinyongwa. Padri aliingia gerezani kabla ya kitanzi, na baadhi ya wale waliokuwa wamekunywa maji ya Ngarambe walikubali kubatizwa. Katika miaka iliyofuata watu wa kusini waliingia kwa wingi, wengine katika Uislamu, wengine katika Ukristo, na Peramiho ikajengwa upya.